Insha Niliyoiandikia Boma

Watu wakisikia nimesomea mambo ya utawala, hudhani nilifunzwa kutawala. Wapi! Nilifunzwa kuwaandikia wanaotawala. Katika shule ya serikali huko pwani, mwalimu wetu Mjerumani alitufundisha nani anamwamuru nani: gavana, mkuu wa boma, akida, jumbe. Wenzangu walisinzia. Mimi somo hilo nililipenda kupita kiasi, nikauliza maswali mpaka wakanichukia.

Siku moja alitutaka kila mmoja aandike jinsi watu wa kwao wanavyotawaliwa. Wenzangu walimtaja jumbe wakaishia hapo. Mimi mjuaji nilijaza kurasa nne. Niliandika kwamba kwetu sisi Wamakua wa Masasi, mjomba wangu ndiye mkuu wa ukoo, lakini mwenye kauli ni dada yake mkubwa. Yeye humimina unga wa mtama chini ya mti wa msolo na kuwaomba wazee waliotangulia. Asubuhi unga ukikutwa umesimama vilevile, safari ipo; ukiporomoka, kila mtu arudi nyumbani kwake. "Hakuna kijana aendaye vitani bila unga wa mama huyu," niliandika. Dada huyo ni mama yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama alipofariki, na nilitaka sana wajue kuwa ni mtu mzito. Mwalimu aliisifu insha ile, akaipeleka bomani.

Vita vya Maji Maji vilipofika kwetu nilikuwa nimeshapewa kazi hapo bomani, karani na mkalimani. Vijana wa ukoo wetu walimwendea mama mkubwa. Akamimina unga, ukaporomoka, akawakataza. Baadhi yao walikwenda hivyo hivyo kwa siri, wakauawa. Askari walipokuja kuchoma nyumba, yeye alikimbilia juu, upande wa Newala. Kule maji ni shida, lazima mtu ateremke bondeni kuyachota. Askari walilijua hilo, wakamngojea kisimani.

Aliletwa bomani akiwa na mnyororo shingoni. Alikuwa amekonda, nyayo zimepasuka, nami nimesimama kando ya meza na kanzu yangu safi. Mkuu wa boma akauliza kama alimimina unga. Nikamtafsiria. Akajibu kwa Kimakua kwamba alimimina, unga ukakataa, naye akawakataza vijana. Nikayatafsiri yote neno kwa neno.

Mzungu huyo akafungua jalada, akatoa kurasa zangu nne.

"Vijana wake walikwenda vitani," aliniambia kwa Kiswahili. "Na wewe uliandika kwamba hakuna aendaye bila unga wake. Uliandika kweli au uongo? Nataka neno moja."

Kamba ya kunyongea ilikuwa imeshafungwa nje, sote tuliiona tukiingia. Ningejibu "Uongo", pengine mama mkubwa angepona, na mimi ningechapwa viboko na kufukuzwa kazi. Niliyajua yote hayo. Nikasema, "Kweli, bwana." Niliogopa, sikatai. Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba niliona haya kuitwa mwongo kwa insha ile.

Mama mkubwa hakujua Kiswahili. Aliniona nimejibu, akadhani nimemtetea.

"Asante, mwanangu," aliniambia kwa Kimakua, nami nikaitikia.