Utando Uliojua Kwamba Nakuja

Dada yangu mdogo haishiwi maneno, lakini wiki ile alinuna mpaka mama akadhani ameachwa na mchumba. Kumbe ni utando.

Anafanya kazi kwenye maabara ya chuo. Anatandaza chuma na nikeli juu ya kioo, tabaka jembamba ambalo unywele mbele yake ni gogo. Kisha anaupiga utando huo kwa mawimbi ya redio, na sumaku ndogondogo zilizomo zinayumba pamoja kama pia ya mtoto inayozunguka. Zikiyumba, skrini inachora mstari wenye kilima. Alitaka kilima kitulie mahali pamoja, ili siku moja utando utunze kumbukumbu za kompyuta hata umeme ukikatika. Lakini kila siku asubuhi kilitulia, jioni kikahama. Mkuu wake akamwambia Ijumaa ndiyo mwisho, mashine ya kupimia anapewa mwingine.

Mimi humpitia kila jioni, nikamsubiri nje ya mlango kwenye kiti changu cha magurudumu, chuma kitupu, nilichokiunga mwenyewe karakanani. Ijumaa nilienda mchana. Uvumilivu sina, na ile sura ya kununa ilishanichosha. Nilipofika tu mlangoni nikamsikia ndani: "Kimehama tena. Mchana huu?"

Nikagonga. Akafungua, macho mekundu.

"Kaka, mbona mapema?"

"Nimekuja kukufuta machozi."

Hakucheka. Alikuwa anatazama magurudumu yangu. "Hebu rudi mwisho wa korido."

"Unanifukuza?"

"Rudi tu, nakuomba."

Nikarudi nikinung'unika. Akaniita, nikaja. Akanirudisha, akaniita tena. Akakimbia kumleta mkuu wake, mlango ukaachwa wazi, nikakiona kilima kwa macho yangu. Nikisogea kinasogea, nikisimama kinasimama. Nikajivuna utadhani nimekigundua mimi.

"Utando hauna kasoro," dada akamwambia mkuu. "Unahisi chuma kupitia ukuta. Tunaweza kujua gari limepita au nondo imekatika ndani ya zege, bila kubomoa kitu."

Mkuu alikiangalia kilima, akaniangalia mimi. "Mashine haiendi popote," akasema.

Miaka yote napita kwenye korido ile, hakuna anayeinua macho. Utando ule ulikuwa unanihisi kila jioni kabla sijagonga. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, nikageuza kiti, nikarudi mwisho wa korido bila kuambiwa, ili nije tena.