Koti la Nyumba ya Bibi

Juzi nilirudi Bariadi, nikaweka kiganja juu ya ukuta wa nyumba ya bibi. Ilikuwa saa nane mchana. Nilikiondoa upesi, kwa maana saruji ilichoma kama bati.

Nyumba ile aliijenga babu kwa tofali za kuchoma. Ilipendeza macho, lakini mchana ilitunza joto, na alfajiri za kiangazi ilitia baridi mpaka mifupani; bibi naye alikuwa na kifua kibovu. Kwa hiyo kila mwaka, mvua zikishakatika, aliivalisha koti kwa nje, unene wa kiganja: udongo wa kichuguu, samadi, na pumba za mbegu za pamba kutoka kiwandani, vyote vikikanyagwa kwa miguu mpaka vishikane. Harufu yake ilikuwa chachu. Sijapata manukato ya kuishinda.

Wajukuu tuligawiwa ukuta kwa kimo. Wadogo walisiriba chini, wakubwa juu, na kupandishwa mstari mmoja wa tofali kulikuwa heshima kupita kuvuka darasa. Adhuhuri tulikula michembe ya viazi vikavu na maziwa ya mgando, mikono ingali na tope kwenye kucha.

Jirani alipenda kumtania bibi. “Mayu, nyumba umeishonea koti. Suruali je?”

“Suruali nilikuwekea wewe. Hiyo yako inapitisha upepo.”

Kisha biashara ikafunguliwa nchini. Saruji, ambayo zamani ilitaka kibali na kujuana, ikaanza kushushwa stesheni ya Malampaka kama chumvi. Baba mdogo, kitinda mimba wa bibi, akaja na mifuko yake juu ya lori. Alimpenda mama yake, hilo nalishuhudia.

“Mama, hatulali tena kwenye mavi ya ng’ombe.”

“Ng’ombe hao ndio waliokusomesha, ng’wanawane.”

Hata hivyo alimwachia. Mtoto aliyemletea mama zawadi hakataliwi. Koti likabanduliwa kwa jembe, tabaka juu ya tabaka, mpaka tofali za babu zikabaki uchi. Ukuta ukapigwa lipu laini iliyong’aa. Watu walitoka hata Somanda kuja kuitazama.

Kiangazi kile bibi alikohoa. Asubuhi moja nilimkuta amepiga magoti nje ya chumba chake, akisiriba tope juu ya saruji. Lilishika mpaka jua lilipopanda, kisha likabanduka lote, likaanguka miguuni pake. Baba mdogo alisimama akitazama. Kisha alichukua beseni, akaenda kuchota udongo mwingine. Siku zile walisiriba pamoja, na kila siku likaanguka.

Bibi hakumaliza kiangazi. Majirani walinong’ona kuwa kuna mkono wa mtu. Hayo sikuyaamini, wala sitayaandika. Hospitali walisema ni kifua. Kama saruji ilichangia, sina ushahidi. Baba mdogo hakuungoja. Hakulala tena ndani ya nyumba ile.

Siku hizi hakuna anayekanyaga udongo wa koti. Kiwanda kimenyamaza, na wajukuu waliogawana ukuta tunaonana misibani.

Kabla sijaondoka nilizunguka nyuma. Chini kabisa, kwenye kona ambayo jembe na mwiko havikufika, limebaki pande la koti, pana kama sahani. Ule ulikuwa mstari wangu wa kwanza. Niliinama kwa shida, nikaweka kiganja.

Palikuwa pamepoa.