Ndevu za Pamba, Macho Mekundu

Nakumbuka Ijumaa Kuu moja, mwanangu, niliyopigiwa makofi mpaka nikajiona mtu mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo sitayataja, maana wajukuu zangu nao wanajua kusoma. Lakini kijijini kwetu, njia ya kwenda Zagayu, aliyefika kidato cha nne alihesabiwa msomi, hata kama usomi wenyewe ulikuwa wa kuwaandikia watu barua.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu ya mjukuu wangu Kulwa. Juzi nilikuwa nimekaa uani kwangu, mahali ninapopatikana siku zote. Safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Nyashimo: niliiona barabara ya Musoma, nikatosheka, nikarudi. Basi nikamsikia Kulwa akimtukana mwenye duka jirani aliyekataa kumchajia simu bure. "Myahudi wewe!" Wenzake wakacheka. Nami nilianza kucheka, kisha nikaacha. Nikamwita. Alikuja akidhani namtuma maji.

Nilichomwambia Kulwa ndicho ninachokuandikia wewe.

Mwaka ule vijana wa kigango walitaka igizo la mateso ya Yesu, nikapewa kazi ya kuliandika. Nililiandika kwenye daftari la hesabu, ambalo halikuwahi kufanya kazi nyingine ya maana. Masanja, kijana mpole asiye na ndevu wala hatia, akawa Yesu. Tukamvika shuka jeupe la mama yake. Wayahudi walikuwa kumi na wawili, nami mkubwa wao, kwa kuwa sauti yangu ilikuwa imezoea kuswaga ng'ombe wa kulimia. Tulijibandika ndevu za pamba ya msimu uliopita kwa uji mzito wa muhogo, tukajitengenezea pua ndefu za udongo wa mfinyanzi. Niliwapa Wayahudi wangu maneno machafu tu. Walitema mate, walicheka mtu akianguka, na pale nilipoishiwa maneno niliandika: "Hapa Wayahudi wanafanya ubaya wowote."

Unaona kipaji?

Jua lilikuwa kali. Mvua za masika zilikuwa zimechelewa, mahindi yamejikunja majani, na watu walikuwa na hasira wasiyojua pa kuipeleka. Mimi niliwapa pa kuipeleka. Nilipopaza sauti kwamba Yesu asulubiwe, wanawake walilia kweli, na mzee mmoja alinirushia kiatu. Igizo lilipokwisha, watoto walinizunguka wakiimba, "Myahudi! Myahudi!" Nikatembea kifua mbele, sikuvua hata ndevu. Sifa, mwanangu, ni kama pombe ya mtama: inaanza na mdomo, inamalizia na miguu.

Miguu yangu ilielekea kwa Mayu Kabula.

Mayu, kwa Kisukuma, ni mama. Huyu alikuwa mjane aliyeishi peke yake pembeni ya kijiji. Hakuwa amekuja kwenye igizo, goti lilimsumbua. Macho yake yalikuwa mekundu, na huku kwetu unajua bibi mwenye macho mekundu husemwa nini: mchawi. Kwa miezi miwili watu walikuwa wakinong'ona kwamba yeye ndiye aliyeifunga mvua. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Methali nayo ikitumiwa vibaya ni panga.

Sijui ni mtoto gani aliyesema, "Twende kwa Myahudi wa kijijini!" Ninachojua ni kwamba sauti ya kuswaga ng'ombe ilikuwa yangu. Ningesema "Rudini," wangerudi. Nikasema, "Twendeni!" Tulisimama uani kwake, mimi na ndevu zangu, watoto wakirusha madonge ya udongo kwenye nyasi za paa. Donge moja liliingia mlangoni, likavunja chungu. Nilisikia kikivunjika. Mle ndani hakuna aliyepiga kelele, na mpaka leo huo ukimya ndio ninaousikia.

Wakati huo Mzee Nkwabi alikuwa anatoka barabarani na begi lake. Alikuwa katekista wetu wa zamani, na alikuwa amekaa Kwaresima yote Nassa kwa binti yake. Ujanani alisoma seminari miaka mitatu kabla ya kukutana na mkewe na kugundua wito mwingine. Aliweka begi chini, watoto wakatawanyika kama vifaranga. Mimi sikukimbia. Ndevu zilinifanya nionekane mtu mzima, nikaona aibu kukimbia.

"Wewe ni nani?" akaniuliza, na ananijua tangu nabatizwa.

"Mimi ni Myahudi, Mzee. Wa igizo."

"Liko wapi hilo igizo?"

Nikampa daftari, nikiwa bado na matumaini ya kusifiwa. Akalisoma lote akiwa amesimama juani.

"Humu kuna Wayahudi wangapi?"

"Kumi na wawili, Mzee."

"Umemhesabu Yesu?"

Nikaanza kuhesabu upya kwa vidole.

"Mariamu mama yake umemhesabu? Petro? Yule Yohane? Au hawa walikuwa Wasukuma wa Zagayu?"

"Hapana, Mzee."

"Basi wewe umechukua ukoo mmoja, wazuri wote ukawafuta kabila, wabaya ukawabandika pamba. Na aliyemhukumu na kumpigilia misumari, yule Mrumi, umempa mistari mitatu tu, tena ya upole! Hivi nyumbani kwenu mkigombana, nikiandika kwamba ukoo wenu ni waovu na wewe peke yako hukuzaliwa humo, nitakuwa nimesema kweli?"

Kisha akaketi juu ya begi lake, pale pale uani kwa Mayu, akaniambia mambo ambayo shuleni sikuyasikia, au yalifundishwa siku niliyolala darasani.

Alisema Wayahudi walitawanyika nchi za watu zamani sana, wakabeba walichoweza kubeba: imani ya Mungu mmoja, Maandiko yao, Sabato yao. Ijumaa jua likizama mama anawasha mishumaa mezani, na kazi inasimama. Mtoto anafundishwa kusoma hata kama nyumba haina chakula. Ulaya kwa Wakristo wenzetu walikaa kama wageni kwa mamia ya miaka. Tauni ikija, watu walisema Myahudi katia sumu kisimani. Mtoto akipotea, Myahudi kamla. "Na unajua siku gani walikuwa wanafunga milango na kuwaficha watoto wao?" akaniuliza. "Ijumaa Kuu. Watu walikuwa wakitoka kanisani kumlilia Yesu, halafu wanakwenda kuwapiga mawe ndugu zake."

Nilianza kuzibandua ndevu. Uji wa muhogo uliokauka ulikataa.

"Ziache," alisema. "Sijamaliza."

Akanieleza juu ya vita vile vikubwa vya pili. Serikali ya Wajerumani iliwaandika Wayahudi majina, ikawashonea nyota ya kitambaa kwenye nguo ili wajulikane wakipita, ikawanyang'anya nyumba, kisha ikawapakia kwenye mabehewa ya ng'ombe, wazee na watoto wachanga, siku nyingi, hadi kwenye kambi za kuwaua. Watu kama milioni sita waliuawa. Akanitazama. "Wewe ni mfugaji. Ng'ombe wa mnadani humnyweshi?"

"Namnywesha, Mzee."

"Wale hawakunyweshwa."

Mwanangu, hesabu kubwa haiingii kichwani, na kichwa changu hesabu ndogo pia kinazikataa. Lakini maji yale niliyaelewa. Nilimwona mama na mtoto ndani ya behewa, wakinyimwa kile nisichoweza kumnyima ndama.

"Hawakuanza na mabehewa," Mzee alisema akisimama. "Walianza na jina la utani, na igizo, na donge la udongo. Watoto wamerusha leo. Baba zao wanawatazama. Huyu mama akifa, mapanga yatashikwa na wengine, lakini njia utakuwa umeionyesha wewe."

Mlango ukafunguliwa. Mayu Kabula alitoka na furushi lake la kitenge, limeshafungwa. Alisema anakwenda kwa kaka yake, kabla hawajaja wakubwa. Mzee akamwambia akiondoka watasema amekimbia kwa sababu ni kweli, na huko aendako habari itatangulia kufika. "Nipe siku nane, mayu. Nitakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na kwako tutalala mimi na mke wangu. Na huyu atakupikia."

"Huyu?" Mayu aliniangalia. "Huyu na pamba yake? Ataunguza nyumba."

Kwetu kijana wa kiume kuonekana anasonga ugali jikoni ilikuwa habari ya kuchekwa mpaka Bariadi mjini. Nikabisha kidogo, kwa heshima. Mzee akasema, "Chungu kilivunjwa na jeshi lako, nsumba." Nsumba ni kijana, lakini alivyolitamka lilikuwa na maana ya mjinga.

Nikapika siku nane. Kuni huku hakuna, unajua. Mayu alipikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa. Kijumba cha jiko hakikuwa na dirisha. Siku ya kwanza nilitoka nje mara saba kukohoa, na ugali wangu ulikuwa na mabonge unayoweza kuyatia kwenye manati.

"Chochea polepole," Mayu alikuwa akisema. "Moto wa mavi hautaki majivuno. Na ndevu zako zi wapi leo?"

"Nimezivua, mayu."

"Pole. Zilikuwa zinakusaidia usoni."

Furushi lake lilikuwa limeegemezwa mlangoni. Kila asubuhi nilikuwa nikiliangalia kwanza kabla ya kumwamkia. Siku ya tano Mayu alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akacheka mpaka akakaa chini. Akanipa kioo. Macho yangu, mwanangu, yalikuwa mekundu kama nyanya.

Waliosema palipo na moshi pana moto walisema kweli. Moto wenyewe ulikuwa wa kupikia ugali.

Igizo lilikuwa lirudiwe Jumapili iliyofuata Pasaka, kwa ajili ya watu wa vigango vya jirani. Niliandika upya, usiku wa manane sikuuhitaji, mchana ulitosha, maana safari hii nilikuwa na la kusema. Tukatupa pua za udongo. Ndevu za pamba tukambandika kila mmoja: makuhani, mitume, yule aliyemsaidia Yesu kubeba msalaba, na Masanja mwenyewe ndani ya shuka la mama yake. Mariamu tukamfunika kichwa sawasawa na wanawake wengine wote. Watoto wakachanganyikiwa. Mmoja akapaza sauti katikati ya mateso: "Kumbe Yesu naye Myahudi!" Mzee Nkwabi, benchi la mbele, akamjibu, "Kumbe!"

Mwisho nikasimama mbele ya watu na macho yale. Watu wakarudi nyuma, wengine wakafanya ishara ya msalaba. Nikasema, "Nimepika siku nane jikoni kwa Mayu Kabula, ndiyo maana macho yangu yako hivi. Kama macho haya yanafunga mvua, nikamateni mimi. Wiki iliyopita nilipeleka watoto wenu kumrushia madonge ya udongo. Nilikosa."

Hakuna aliyepiga makofi. Lakini pale mlangoni alikuwa amesimama Mayu, amejifunga kitenge kipya. Nikakitambua kile kitenge. Ndicho kilichokuwa kamba na ganda la furushi.

Sisemi minong'ono iliisha siku hiyo. Ulimi hauna mfupa, nao huchukua muda kuchoka. Mwenyekiti aliita mkutano, Mzee aliendelea kulala kule mwezi mzima, na mimi niliendelea kupika, mpaka nikaupenda moto, ndiyo maana mpaka leo nanata nyumbani kama masizi. Mvua ilikuja kwa wakati wake bila kumuuliza mtu. Mayu alikufa miaka mingi baadaye, kitandani kwake, kwa uzee wake mwenyewe. Bibi wengine wa huku kwetu hawakupata kifo hicho, unajua.

Basi sikia, mwanangu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Jina la watu usilifanye tusi, liwe la Wayahudi au la jirani yako. Na unapotazama vita vya nchi ya Wayahudi na majirani zao kwenye simu yako, zipime serikali kama upimavyo serikali yoyote, na machozi uwape wote wanaozika watoto; lakini usimshtaki mtu kwa sababu ya mama aliyemzaa. Ukisikia ukoo mzima unasemwa kwa ubaya, uliza kama Nkwabi: wazuri wao mmewaweka wapi? Na ukijikuta unaongoza watu, wanakushangilia, simama kwanza uangalie mnakwenda kwa nani. Kulwa alirudi dukani akaomba radhi. Mwenye duka alimsamehe. Simu hakumchajia, na hilo ni haki yake.

Mungu wa Ibrahimu, ambaye sisi tulimpokea kutoka mikononi mwa hao hao Wayahudi, akulinde na kinywa chako kwanza, ndipo akulinde na adui zako. Moto wa jiko lako usizimike. Na siku moshi wake utakapoyafanya macho yako mekundu, akupe jirani wa kukuletea maji ya kunawa.