Ngozi Chini ya Meza ya Jilala

Zamani tulitia vibao vyote katika kapu moja na kila mchezaji akachezea alichookota. Siku hizi kila mmoja anakuja na chake kwenye mfuko wa zipu, kama anayeficha kitu.

Kapu lile lilikuwa kanuni ya kwanza ya klabu yetu ya mpira wa meza hapa Sapiwi. Aliitunga Jilala, seremala, mwaka tulioanza kuchezea katika ghala la pamba. Aliwajua watu wetu. Watu walioshindana ngoma baada ya mavuno, kila kundi na mganga wake, wasingekubali kufungwa bila kuuliza dawa imekaa wapi. Kapu lilimaliza swali hilo. Meza alitengeneza yeye kwa mbao zake, na vibao pia, akavivika mpira wa ndani wa baiskeli. Mimi nilikuwa katibu. Shule niliishia darasa la nne, mengine nikajisomea, na kanuni zote niliziandika kwa mkono wangu.

Miaka mitatu iliyopita kijana Method alirudi kutoka Mwanza na kibao cha dukani, akakataa kukitia kapuni. Vijana wenzake wakamuunga mkono. Kapu likasukumwa pembeni, kuku akataga humo.

Method akatufunga wote isipokuwa Jilala. Akakichukua kibao cha mzee, akakigeuza, akakinusa. Mbao na mpira tu.

"Kama si kibao, basi ni meza," alisema.

"Mezani kuna nini, ng'wanawane, mwanangu?" Jilala alicheka. "Misumari?"

"Mbona siku zote unasimama upande wa mlangoni?"

"Nafuata mwanga. Subiri uzeeke, utanitafuta uniombe msamaha."

Wengine walicheka, wengine hawakucheka. Vijana wakainyanyua meza upande wa mlangoni. Chini ya mguu mmoja kulikuwa na kipande cha ngozi ya ng'ombe, kimekunjwa na kushonwa pande zote. Mtu mmoja aliruka nyuma.

"Sakafu imeinama hapo," Jilala alisema. Sasa hakuwa akicheka. "Niliweka ngozi ili meza ikae sawa. Katibu alikuwepo. Sema, ndugu yangu, nisije nikaitwa mchawi mbele ya watoto."

Nilikuwepo kweli. Niliinua meza kwa mikono yangu, naye akaisukumia ngozi pale. Lakini alikuja nayo ikiwa imeshonwa tayari. Kitu cha kukanyagwa na mguu wa meza kinashonwa cha nini? Tena katika miaka yote ile sikuwahi kumfunga hata mara moja.

"Ngozi niliiona," nikasema. "Cha ndani sikukiona."

Method akaichana kwa kisu. Ndani mlikuwa na ngozi juu ya ngozi tu. Mtu akasema dawa ya kweli haionekani, na jina likamganda Jilala siku ile ile. Hakuna aliyekubali tena kucheza naye.

Mara ya mwisho niliwaona asubuhi, yeye na mkewe Nyanjige, wakihamia Kimali kwa binti yao. Meza ilikuwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe, miguu minne hewani, kapu limefungwa katikati.

"Mwangaluka, katibu," Nyanjige alinisalimu. Nikaitika. Jilala aliwatazama ng'ombe wake.

Mkokoteni ulipopita niliuangalia ule mguu. Ngozi ilikuwa imefungwa pale pale, imeshonwa upya. Sikumuuliza kwa nini.