Redio Zinazosalimiana

Iko siku moja hainitoki akilini, mwanangu, na kwa vile umeajiriwa juzi kitengo cha ununuzi wa vifaa vya ulinzi, nataka uwe nayo. Nilikuwa msichana, fundi wa redio za boti za doria hapo Kilifi. Baba yako, kaka yangu, alikuwa nahodha wa boti mojawapo, hajaoa bado.

Kampuni moja ilituletea redio mpya, nzuri, zang'aa. Nilizipenda papo hapo. Mkubwa wetu, Bi Rehema wa Malindi, mtu asiyepandisha sauti, akaiweka moja mezani kando ya redio kuukuu ya wavuvi.

"Haya, zisalimiane."

Muuzaji akacheka. "Mama, hizi husikilizana zenyewe kwa zenyewe tu."

"Na ikiharibika?"

"Mwatuita sisi. Fundi wenu akiifungua, yazima kabisa."

Nikadakia kwamba hilo ni dogo. Bi Rehema akanigeukia. "Kadzo, kaka yako akizimikiwa na redio huko nje, utampelekea udhuru?"

Masikio yaliniwaka, usinicheke.

Tukanunua za kampuni nyingine, sura mbaya kama kopo la samli. Lakini utaratibu wake ulikuwa wazi: zilizungumza na redio ya yeyote, na kipuri cha kampuni yoyote kiliingia.

Mwaka haukuisha, bahari ikachafuka. Boti ya baba yako ikazimika injini karibu na Ngomeni, na ile redio ya sura mbaya nayo ikafa. Fundi wake akachomoa kifaa cha umeme kwenye rada, cha kampuni nyingine kabisa, akakipachika redioni, sauti ikatoka. Aliyeisikia kwanza ni mvuvi, kwa redio yake kuukuu. Ndiye aliyewavuta hadi pwani.

Nilikwenda kwa Bi Rehema nikampa shikamoo huku nalia. "Marahaba," akasema. "Nawa uso uje ule." Mpaka leo namshukuru.

Basi ukiketi kwenye meza ya zabuni, usiulize nguvu ya kifaa peke yake. Uliza kinazungumza na nani, na nani ataruhusiwa kukifungua. Kikiwa na muuzaji kama bwana wake milele, kirudishe.

Mungu akupe mkubwa wa kukukatiza mapema, kama alivyonipa mimi. Na kila unayemnunulia kifaa arudi kwao, aoe, apate mtoto wa kukaa hapa ulipokaa wewe.