Habu ya Baiskeli ya Baba

Enzi zetu, watoto wa Ifakara hatukuhitaji kuchungulia njiani ili kujua baba wa nani anarudi kutoka shambani. Tulisikiliza magurudumu. Kila baiskeli ilikuwa na sauti yake. Moja ililia kama bata, nyingine ilikohoa, nyingine ilipita kimya ukashtukia tu pembe ya gunia imekugusa bega. Ya baba yangu ilitoa mlio mwembamba kama panzi aliyefungiwa ndani ya kopo. Mimi niliusikia kabla ya kaka yangu Tobiasi, maana Tobiasi alikuwa anasoma na mimi nilikuwa sijakaa chini.

Mliokulia huku mnakumbuka. Msimu wa mvua mji ulibaki na mabibi na watoto wa shule. Wazazi walihamia kwenye mashamba ya mpunga, wakalala kwenye vibanda, wakashinda wanafukuza ndege. Sisi wawili tulibaki na bibi. Kila Jumamosi baba alitoka shambani kwetu, njia ya Mlimba, kabla hujafika Mchombe, akiwa na chakula cha wiki nzima kwenye keria: mchele, samaki wa kubanika, mihogo. Mpunga ulipoanza kukomaa alileta na pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, ukiwa bado unanuka moshi. Tuliutafuna tukienda shule, mifuko ya kaptula na magauni ikiwa imejaa, na mwalimu alijua wazazi wa nani wamekuja kwa kusikiliza taya.

Mabasi nayo yalisubiri barabara ikauke. Kwa hiyo baiskeli ndiyo ilikuwa chakula, na chakula ndicho kilikuwa shule. Baba hakutuficha.

"Siku baiskeli hii ikigoma," alisema, "wote mnakuja shambani. Shule itangoja."

Tobiasi alikuwa darasa la saba, na mtihani haungoji mtu. Kila aliposikia maneno hayo aliinuka kwenda kuipangusa ile baiskeli kwa kanga kuukuu ya bibi. Mimi nilikuwa la tano. Darasani nilikaa karibu na dirisha, mguu wangu ukicheza chini ya dawati mpaka mwenzangu ananifinya. Nilitamani kujua viboko wanalala wapi, reli inaishia wapi, na kwa nini mto ukifurika samaki wanaingia kwenye majaruba ya mpunga kama wamealikwa.

Sasa nisimulie hiyo baiskeli. Zamani baba alikuwa na baiskeli nyeusi kama za wanaume wote, nzito, ya kurithisha. Akaiuza akanunua ya mtumba yenye gia, matairi mapana yenye meno, rangi ya machungwa. Mtaa mzima ulitoka kutazama.

"Baba Tobi, hiyo ni pikipiki iliyosahauliwa injini?" jirani akauliza.

"Cheka tu," baba akajibu. "Wewe ukiwa unasukuma kwenye tope, mimi nitakuwa nakupungia mkono."

Na alikuwa anawapungia kweli! Matope ya njia ile yaliyozimeza baiskeli nyeusi, yake iliyatafuna. Lakini kulikuwa na desturi moja, na wa rika langu mtacheka. Mwanamume hakuingia mjini na baiskeli yenye matope. Walipofika mto Lumemo walishuka wote, wakapindua baiskeli magurudumu juu, wakazisugua kwa sabuni ya kipande na mchanga, spoki moja moja, na katikati pale palipojificha uchafu walimwagia maji kwa kopo hadi pakang'aa. Bibi alikuwa akisema, "Nguruwe pori ndiye anayeingia kwa watu na matope yake." Baba alisugua kuliko wote, maana baiskeli yake ilitazamwa kuliko zote.

Hapo katikati ndipo kwenye habu, kitovu cha gurudumu ambako spoki zote zinakutana. Ndani yake mna vitu vidogo mno kwa kazi vinavyoifanya. Kuna ekseli, chuma kinachopita katikati. Kila upande wa ekseli kuna koni, kama kofia ndogo ya chuma, na gololi zimejipanga kati ya koni na kikombe cha habu, zikiogelea kwenye grisi. Mzigo wote, magunia na baba mwenyewe, unakaa juu ya vile vidonge vya chuma visivyozidi punje ya hindi. Sabuni ya Lumemo iliondoa matope, ikaondoa na grisi. Maji yakaingia na mchanga wake. Kila Jumamosi baba aliitia baiskeli yake sumu, kisha akaingia nayo mjini inameta, tukampigia makofi.

Ule mlio wa panzi ulianza kubadilika. Ukawa wa kusaga, kama mtu anayekula ubwabwa wenye mawe. Gurudumu la nyuma likaanza kucheza kushoto na kulia. Jumamosi moja Tobiasi alilishika, akalitikisa, akaniita nitazame.

Tuliipeleka kwa fundi Mponda, aliyefanya kazi kando ya soko na kuongea na baiskeli kuliko na wateja. Alipofungua habu ukatoka uji mweusi. Gololi zilikuwa zimeliwa, nyingine zina mabonde. Alituachia zile mbovu, na nakiri zilikuwa tamu mchezoni. Gololi ya chuma, hata yenye bonde, ilipasua za kioo za watoto wengine kama mayai. Lakini koni ya kulia ilikuwa imechimbika mfereji mzima.

"Gololi ninazo," akasema Mponda. "Koni ya ukubwa huu sina. Nenda kwa Awadhi."

Bwana Awadhi, mwenye duka la vipuri, watu wake walitoka pwani, na kila kitu alikisema kwa upole hata kikiwa kibaya. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akaigeuza ile koni kwenye kiganja kama tende.

"Hii imezaliwa mbali, wanangu," akasema. "Ndugu zake bado hawajafika Ifakara."

Fundi akafanya alichoweza. Alibadilisha koni, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto, ili ile nzima ibebe upande wenye mnyororo na shida zaidi. Ile iliyochimbika akaisugua juu ya jiwe na mafuta mchana kutwa. Akakata bati la kopo la maziwa, akalizungushia mahali palipolegea. Akajaza grisi ya malori. Alipolizungusha gurudumu lilikwenda kimya kabisa, na Tobiasi akacheka kwa sauti, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Itakufikisha," Mponda akamwambia baba. "Kama itakurudisha, sijui."

Ilimrudisha. Jumamosi ikapita, nyingine ikapita. Na kila aliporudi, akafika Lumemo, akashuka, akasugua. Hakuna aliyemwambia asisugue, wala fundi, kwa sababu fundi naye alisugua ya kwake. Mimi nililijua kosa lile baada ya kuzunguka sana, nilipokuwa nikimshikia spana fundi mmoja wa Kidatu, na nilikaa chini ghafla kana kwamba nimepigwa.

Jumamosi aliyochelewa baba, bibi alipika uji mwepesi tukanywa tukitazama njia. Alifika Jumapili mchana akitembea, ameiinua baiskeli upande wa nyuma, gurudumu halizunguki. Koni ilikuwa imepasuka, vipande vyake vimesaga kikombe, na kikombe kikishaharibika habu nzima imekwisha. Gunia alikuwa ameliacha kwa watu njiani, akabeba begani alichoweza. Akaketi, akanywa maji, akamgeukia Tobiasi.

"Begani kwangu," akasema, "ninaweza kuleta chakula cha bibi yenu na mtoto mmoja. Si wawili."

Tobiasi akainamisha kichwa. Hakuomba. Angeomba pengine ningebisha, maana nilikuwa mbishi. Bibi akaanza kusema, "Mtoto wa kike ndiye..." nikamkatiza, nisije nikaenda kwa sababu ile.

"Mimi nakwenda."

"Vero, usiende kwa ajili yangu," Tobiasi akasema.

"Nani kakwambia ni kwa ajili yako? Nakwenda kuona viboko."

Baba akacheka, kisha akafuta uso kwa kiganja. Kesho yake asubuhi tulishika njia, yeye na shoka, mimi na sufuria kichwani. Tobiasi alitusindikiza hadi Lumemo. Alivuka maji nasi, ingawa hakuwa na sababu ya kuvuka, akasimama ng'ambo na sare yake imelowa, mpaka tulipopotea kwenye majani.

Alifaulu. Leo ni mwalimu Mang'ula, ana nyumba ya matofali na watoto wanaoniita shangazi anayekuja bila taarifa. Mimi sikurudi tena darasani. Kutoka shambani nilikwenda kituo cha reli, kutoka hapo Kidatu kuwapikia wakata miwa, kisha kwingine na kwingine. Kila kifaa nilichokikuta nilikifungua. Tobiasi huniambia, "Ile nafasi ilikuwa yako pia." Humjibu kwamba viboko nimewaona.

Siku hizi mambo ni mepesi. Bodaboda inatoka Mchombe na gunia na abiria wawili, muziki unalia, inafika kabla jua halijawa kali. Baiskeli za kisasa habu zake zimefungwa, beringi haifunguliwi. Ikifa inatupwa, inawekwa nyingine. Kijana mmoja niliyemwonyesha gololi aliniuliza inachajiwa wapi. Mnyororo ukiruka wanapiga picha kwanza, wanatuma, wanasubiri mtu awaonee huruma.

Sitaki kuwadharau. Leo baba angepiga simu, mchele ungefika, na hakuna watoto ambao wangeulizwa nani aende. Ni jambo jema, nalisema bila kinyongo. Lakini kila ninapopita karibu na shule nikamwona binti kakaa dirishani, mguu wake hautulii chini ya dawati, nasimama kidogo. Natamani kumuuliza yeye angemjibu nini baba siku ile. Kisha naendelea na safari yangu, maana kusimama kwa muda sijawahi kukuweza.