Pale Alipotua Borgny

Borgny Haugdal alikuwa msichana wa miaka kumi na saba aliporuka na skii, zile mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji, kwenye kilima cha Skarvlia, na mpaka anazeeka hakuwahi kuambiwa alifika mita ngapi. Zama hizo wasichana hawakushindana. Walitangulizwa tu kuijaribu theluji kabla ya wanaume, na wakitua, wapimaji waliopangwa kando ya mteremko kuangalia miguu inagusa wapi walitia mikono mfukoni. Wako waliosema kampita bingwa wa siku ile. Wengine wakasema hata hakumkaribia.

Hakuruka tena. Hakuolewa pia. Aliuza siagi na jibini katika duka la ushirika, na siku za mashindano akawachemshia warukaji kahawa. Kisha warukaji wakahamia vilima vikubwa vya mjini, na miti ikaota pale walipokuwa wakitua. Kila akipita bondeni, Borgny alikitazama kilima kile kwa hamu iliyomuuma hasa.

Halmashauri ilipotangaza kuubomoa mnara wa kurukia pale kilimani, akaenda kumgongea jirani yake Torleiv, mzee aliyefiwa na mkewe, mpimaji pekee wa siku ile aliyebaki hai.

"Vaa viatu, ukanionyeshe nilipotua kabla hawajaleta matingatinga."

"Kwa magoti haya?"

"Mbona ukitafuta uyoga yanapanda?"

Wakapanda polepole, wakishikana mikono penye utelezi. Torleiv akafika pale alipokuwa akisimama zamani, akaketi juu ya gogo.

"Haya, sema. Ni hapa, au kule chini?"

"Sijui, Borgny."

"Hujui? Nilitua mbele ya macho yako, we mzee! Kazi yako ilikuwa kutazama miguu."

"Miguu sikuitazama." Akavua kofia. "Nilikuwa nakutazama uso. Ulikuwa unacheka kule hewani. Nakuja kukumbuka miguu, umeshafika bondeni."

Hasira zikampanda Borgny.

"Mwanamume mzima! Mita hukuniambia, na hilo nalo ukakaa nalo miaka yote hii?"

"Ulikuwa unaringa."

"Naringa wapi! Nilikuwa nangoja niambiwe."

"Uambiwe mita?"

"Chochote, Torleiv. Chochote!"

Akaketi kando yake kwenye gogo, akalia wala hakujificha.